Ngozi ya Mbwa Kuwashwa Baada ya Kuogeshwa na Kunyolewa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Mbwa ametoka kuogeshwa na kunyolewa, ananukia vizuri, manyoya yanang'aa, na usiku huohuo anaanza kujikuna na kujilamba bila kupumzika. Wenye mbwa wengi hapo hukimbilia kabati la dawa. Tafadhali subiri kidogo. Kabla hujampaka chochote, tafuta majibu ya mambo mawili: tatizo lilianza lini, na liko sehemu gani ya mwili. Daktari wa mifugo atakuuliza hayo kwanza, na ndiyo yatakayokuonyesha kama mbwa anaweza kutunzwa nyumbani au kama inabidi umpeleke sasa hivi.

Amenyolewa leo na hatulii, anajikuna tu. Ni kawaida?

Kuwashwa kidogo kwa siku moja au mbili hutokea, hasa kwa mbwa aliyezoea manyoya marefu kisha akanyolewa karibu na ngozi. Nywele fupi zilizokatwa upya huchomachoma, na ngozi iliyokuwa imefunikwa kwa miezi sasa inaguswa na zulia, majani na hewa. Mbwa wa namna hii hujikuna, kisha anakula, anacheza na kulala kama kawaida yake. Ngozi ukiitazama ina rangi yake, au ina wekundu hafifu tu.

Kisicho kawaida ni muwasho unaoongezeka kila baada ya saa chache, ngozi yenye joto, majimaji, harufu mbaya, vipele vyenye usaha, au mbwa anayelia unapomgusa. Mbwa anayekataa chakula baada ya kuogeshwa naye asiachwe hadi kesho kutwa.

Mbwa wenye ngozi nyeusi huwasumbua wengi kwa sababu wekundu hauonekani. Weka mgongo wa mkono wako mahali panapomsumbua, kisha upande wa pili wa mwili mahali palepale. Ukihisi joto limezidi upande mmoja, au ngozi inang'aa na imevutika, hapo pamewaka hata kama rangi haijabadilika.

Nitajuaje kama ni mashine, shampuu au kitu kingine?

Anza na saa. Kilichotokea ndani ya saa chache hadi siku moja kwa kawaida ni mkwaruzo au joto la mashine, au shampuu iliyomkera. Kilichotokea kati ya siku ya kwanza na ya tatu kinaweza kuwa mzio wa kitu alichopakwa, kidonda cha majimaji kilichochochewa na kujilamba, au maambukizi ya mashina ya nywele ambayo nimeyaeleza chini na ambayo ni ya hatari. Kilichojitokeza baada ya wiki moja hadi kadhaa kinafanana zaidi na choa au upele wa wadudu, yaani ugonjwa uliohama kutoka kwa mbwa mwingine au kwenye vifaa.

Kisha tazama mahali. Mashine huacha alama pale ilipopita tu: mistari, mabaka yenye kingo, au eneo moja kama tumboni au chini ya mkia. Shampuu haina mipaka hiyo. Humsumbua mbwa mwili mzima, na huwa mbaya zaidi pale povu linapojificha: makwapani, kinenani, katikati ya vidole, chini ya kola. Ukiona wekundu umejaa katikati ya vidole vya miguu yote minne na makwapani, na mgongo ni mzima, fikiria kwanza shampuu ambayo haikusuuzwa vizuri. Kama mbwa ana mzio wa siku nyingi, basi sehemu hizohizo ndizo humsumbua mara nyingi, na kuogeshwa kumeamsha tu kilichokuwapo.

Muwasho ulioko kiunoni na kwenye shina la mkia peke yake unanifanya nitafute viroboto kabla ya kumlaumu mtu yeyote. Pitisha kitana chenye meno ya karibu, kung'uta uchafu kwenye karatasi nyeupe iliyolowa. Punje nyeusi zikitoa rangi nyekundu ya kutu, hicho ni kinyesi cha viroboto, na mbwa alienda nacho kabla hajanyolewa.

Kuungua kwa mashine ni nini hasa?

Ni ngozi iliyochubuliwa au kuunguzwa na meno ya mashine ya kunyolea. Meno yakifanya kazi mfululizo hupata joto, na chuma kinachovumilika mkononi mwa mtu kinaweza kuwa kikali mno kwa tumbo la mbwa. Meno butu ni mabaya vilevile, kwa sababu hayakati bali huvuta, na kinyozi hulazimika kurudia palepale mara tatu au nne. Sababu ya tatu ni ufupi. Meno yana namba, na namba ikipanda manyoya yanabaki mafupi zaidi: namba 10 huacha karibu milimita 1.5, na namba 40, inayotumika kuandaa ngozi kwa upasuaji, huacha karibu robo ya milimita. Mbwa mwenye ngozi nyororo akinyolewa tumbo kwa namba ya juu, atachubuka hata kama mashine ni baridi.

Tabaka la juu la ngozi ya mbwa ni jembamba kuliko la binadamu. Manyoya ndiyo kinga yake kubwa, kwa hiyo ukiyaondoa unagusa kitu dhaifu.

Alama zake huonekana siku hiyohiyo au kesho yake: wekundu, joto, ngozi kavu inayong'aa, wakati mwingine vipele vidogo au gamba jembamba. Mara nyingi kinachoumiza zaidi ni ulimi wa mbwa mwenyewe. Mchubuko mdogo ambao ungepona kwa siku tatu hadi tano, ukilambwa usiku kucha, asubuhi unakuwa kidonda.

Nifanye nini usiku huu?

Mzuie kulamba. Hilo linatangulia mengine yote. Kola ya plastiki yenye umbo la koni ndiyo ya kuaminika. Kola laini ya kuvimba inafaa kwa shingo na mgongo, lakini mbwa mwenye mwili mrefu au pua ndefu hufikia miguu na kinena akiwa ameivaa. Fulana ya pamba safi inaweza kufunika tumbo na kifua kwa muda, mradi haibani na haifuniki kidonda kinachotoa maji.

Kisha poza. Chovya kitambaa safi kwenye maji baridi ya kawaida, kikamue, kiweke juu ya sehemu iliyowaka kwa dakika 5 hadi 10 bila kusugua. Rudia mara tatu au nne kwa siku. Barafu isiguse ngozi moja kwa moja.

Ukishuku shampuu, msuuze mbwa upya kwa maji tele ya vuguvugu, bila sabuni yoyote. Nachukulia kusuuza kwa uzito kuliko watu wengi wanavyofanya, kwa sababu hapa ndipo kazi nyingi za haraka huharibikia. Anza juu ya shingo ushuke, tenganisha manyoya kwa vidole, fuata maji hadi kwenye ngozi. Inua kila mguu usuuze kwapa na kinena, tandaza vidole kimoja kimoja. Bana fungu la manyoya karibu na ngozi na ulivute taratibu. Likiteleza, bado kuna shampuu au kondishena. Ukiona maji yanayodondoka chini ya tumbo ni maangavu kabisa, endelea dakika mbili zaidi, kwa kuwa tumbo ndilo la mwisho kusafika. Mfute kwa taulo kwa kukandamiza, usimsugue, na akauke hadi kwenye mashina.

Kwa mchubuko unaohitaji kusafishwa, maji ya chumvi yanatosha: gramu 9 za chumvi, karibu vijiko vya chai kimoja na nusu, katika lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa. Klorheksidini, dawa ya maji ya kuua vijidudu, iliyozimuliwa kwa kiwango alichosema daktari nayo ni nzuri, isipokuwa usiiweke karibu na macho wala ndani ya masikio.

Piga picha mchana wenye mwanga, moja kwa umbali na moja kwa karibu, na urudie kila baada ya saa 12. Daktari akiona jinsi doa lilivyokua au lilivyofifia, ana pa kuanzia.

Kitu gani nisimpake kamwe?

Kanuni ninayoifuata ni moja: chochote unachompaka mbwa, chukulia kwamba atakila. Ukiifikiria hivyo, vitu vingi vya kabatini vinajiondoa vyenyewe.

Krimu za watoto za upele wa nepi nyingi zina oksidi ya zinki. Mbwa akilamba kidogo atatapika, na akilamba kwa wingi au kwa siku kadhaa zinki inaweza kuharibu chembe nyekundu za damu. Mafuta ya melaleuka, yanayouzwa kwa jina la mafuta ya mti wa chai, yana sifa ya kutuliza ngozi, lakini yasiyozimuliwa ni sumu kwa mbwa hata kwa matone machache, kwa njia ya ngozi na kwa kulambwa. Mbwa hupepesuka, hutetemeka na kuishiwa nguvu. Mbwa akionyesha dalili hizo baada ya kupakwa mafuta yoyote ya kunukia, mwoshe na umpeleke kwa daktari papo hapo.

Spiriti na haidrojeni peroksidi huchoma na kuharibu chembe hai zinazojaribu kuziba jeraha. Siki ina asidi, nayo juu ya ngozi iliyochubuka ni mateso. Baadhi ya krimu za binadamu za ugonjwa wa ngozi ni hatari mno kwa kiasi kidogo sana, hasa zile zenye floriurasili na zile za soriasisi zenye kalsipotrieni. Hata kuziacha mahali mbwa anaweza kutafuna tyubu ni hatari ya kifo.

Mshubiri huulizwa sana. Ute mweupe wa ndani hauna shida kubwa. Utomvu wa manjano ulio chini ya ganda ndio unaosababisha kutapika na kuharisha, na jani lililokatwa jikoni huwa na vyote viwili. Kwa hiyo usikate jani ukampaka. Ukitaka jeli, tumia iliyotengenezwa kwa wanyama.

Krimu zenye steroidi hutuliza muwasho, ni kweli, lakini juu ya ngozi yenye maambukizi huficha dalili na kuyapa nafasi ya kuenea. Hizo zingoje neno la daktari. Poda nazo ziache, zinaganda kwenye majimaji na kutengeneza gamba ambalo chini yake bakteria wanastawi.

Vipi kuhusu dawa za mzio au za maumivu za binadamu?

Za maumivu, hapana. Ibuprofeni huumiza tumbo na figo za mbwa, na parasetamoli inaweza kuharibu ini lake na damu yake. Za mzio, daktari anaweza kukuruhusu aina fulani kwa kipimo cha uzito wa mbwa, lakini dawa za mafua zilizochanganywa na sudoefedrini ni sumu kwake, kwa hiyo usisome neno "mzio" kwenye pakiti ukatosheka. Isitoshe, ngozi iliyounguzwa na mashine haina mzio, na dawa hizo hazitaisaidia sana.

Hana wekundu wowote, ila mgongo unamuuma na hataki kuguswa. Niwe na wasiwasi?

Ndiyo, na naomba hili ulisome hata kama mbwa wako anajikuna tu.

Kuna maambukizi yanayotokea baada ya kuogeshwa, ambapo bakteria huingia ndani kabisa ya mashina ya nywele, na mashina yakapasuka chini ya ngozi. Anayehusika mara nyingi ni *Pseudomonas aeruginosa*, bakteria anayependa unyevu. Hustawi kwenye chupa za shampuu iliyozimuliwa kwa maji na kuachwa siku nyingi, kwenye mipira ya maji na vifaa visivyokauka. Shampuu yenyewe inaponunuliwa inaweza kuwa safi kabisa. Mtu anaizimua kwenye chupa, anatumia nusu, anaiacha rafuni, na wiki inayofuata anaongeza maji juu ya mabaki. Mbwa akisuguliwa kwa shampuu hiyo, hasa kwa kwenda kinyume na uelekeo wa manyoya au kwa brashi ngumu, bakteria wanasukumwa ndani.

Dalili huanza siku ya kwanza au ya pili, mara chache hadi wiki moja baadaye. Kinachowachanganya watu ni kwamba maumivu hutangulia. Mbwa anatembea amejikunja, analia akiinuliwa, anakataa kupanda ngazi, na mwenye mbwa anadhani mbwa ameumia uti wa mgongo. Ananyong'onyea, hataki chakula, anaweza kuwa na homa. Joto la kawaida la mbwa ni kati ya nyuzi 38.3 na 39.2 za Selsiasi. Likizidi 39.5 akiwa ametulia, hiyo ni homa. Vipele vyekundu au vyeusi, vidonda na magamba yenye damu hujitokeza baadaye kwenye mstari wa mgongo, kuanzia shingoni hadi kiunoni, na chini ya manyoya marefu huvioni mpaka uyatenganishe.

Huyu anapelekwa kwa daktari siku hiyohiyo. Sema wazi kwamba aliogeshwa, taja siku, na kama unaweza beba chupa ya shampuu iliyotumika. Daktari atataka kuchukua sampuli na kuipima maabara kwa sababu bakteria huyu ni sugu kwa dawa nyingi za kawaida, na antibiotiki iliyobaki nyumbani kutoka ugonjwa mwingine inaweza kupoteza siku ambazo mbwa hana. Tiba huchukua wiki kadhaa. Akiwahiwa, hupona vizuri. Akicheleweshwa, maambukizi yanaweza kuingia kwenye damu.

Na usimwogeshe tena kwa kudhani unamsafisha.

Asubuhi nimekuta kidonda kikubwa chenye majimaji ambacho jana hakikuwapo. Kimetoka wapi?

Mbwa amekitengeneza mwenyewe kwa kulamba na kutafuna. Hukua kwa saa chache, huwa na kingo zinazoonekana, manyoya yamegandana juu yake, panauma na pananuka. Mara nyingi hutokea shavuni, shingoni au nyongani, kwa mbwa wenye manyoya mazito ambao hawakukaushwa hadi kwenye mashina. Unyevu uliobaki ndani unalainisha ngozi, inaanza kuwasha, mbwa analamba, ngozi inalowa zaidi.

Tiba yake inahitaji hewa: manyoya yanayozunguka kidonda yapunguzwe, pasafishwe, pakauke, na koni ivaliwe. Kidogo chenye ukubwa wa sarafu unaweza kuanza nacho nyumbani. Kikubwa kuliko kiganja chako, au chenye vipele vidogo vilivyotapakaa pembeni, kinahitaji daktari, na mara nyingi mbwa huhitaji dawa ya maumivu kabla manyoya hayajaguswa.

Anaburuta makalio sakafuni tangu alipotoka kunyolewa.

Kwanza inua mkia uangalie. Ngozi inayozunguka njia ya haja kubwa huchubuliwa na mashine kirahisi, na kitambaa baridi kitamtuliza. Kama ngozi ni nzima, huenda tezi zilizo pembeni ya njia hiyo zilikamuliwa wakati wa kuoga na zimekereka, jambo ambalo hupungua ndani ya siku moja au mbili. Tezi hizo hazihitaji kukamuliwa kila mbwa anapoogeshwa. Zisizo na tatizo ziachwe. Uvimbe upande mmoja, damu au usaha ni dalili za jipu, na hapo ni kwa daktari.

Anatikisa kichwa sana. Ni maji masikioni?

Huenda. Au manyoya ya ndani ya sikio yalinyofolewa na kuacha vijeraha vidogo. Usitie pamba ya kijiti ndani. Ukiona wekundu, harufu au uchafu wa kahawia kwenye siku ya pili au ya tatu, sikio limepata maambukizi.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawajalisikia. Mbwa aliyekuwa na mafundo mazito ya manyoya masikioni, yakishanyolewa ghafla, damu hurudi kwa nguvu kwenye ncha zilizokuwa zimebanwa, masikio yanawasha na kuhisi wepesi mgeni, naye anayapiga huku na huku. Mishipa midogo inapasuka. Unaweza kukuta sikio limevimba kama mto uliojaa damu, au ncha zinavuja na kuchafua ukuta. Kumfunga kitambaa laini kinachoyalaza masikio kichwani kwa saa chache za mwanzo, bila kubana koo, huzuia mengi. Uvimbe ukishatokea usiutoboe, mpeleke kwa daktari.

Je, naweza kumwogesha kwa shampuu yangu, au ya mtoto?

Ngozi ya mtu ina asidi zaidi, wakati ya mbwa inakaribia kuwa katikati, na shampuu hutengenezwa kwa kufuata hali hiyo. Kuoga mara moja kwa shampuu ya mtoto hakutamdhuru mbwa mzima. Kufanya hivyo kila wiki kutamkausha ngozi, mba zitatokea, na muwasho utafuata. Sabuni ya vyombo ina nguvu zaidi ya kuondoa mafuta ya asili, kwa hiyo ibaki kwa dharura kama mbwa aliyemwagikiwa oili. Na neno "asilia" kwenye chupa halinipi imani yoyote, kwa kuwa mafuta ya kunukia ya mimea ni miongoni mwa vitu vinavyokera ngozi kwa urahisi. Chagua isiyo na harufu.

Shampuu ya dawa uliyopewa na daktari ni habari nyingine. Hiyo nyingi hutakiwa ikae mwilini dakika 10 kabla ya kusuuzwa. Tumia saa, kwa sababu dakika 10 za kumshika mbwa aliyelowa ni ndefu kuliko unavyodhani.

Draya inaweza kumuunguza?

Inaweza, na kuungua kwa draya kunaweza kuchelewa kuonekana. Ngozi ya mgongoni hubaki imefichwa na manyoya, mbwa anaonekana amekereka tu, na siku kadhaa baadaye ngozi inakuwa ngumu kama gamba, kisha inaachana. Hewa iwe baridi au ya vuguvugu, draya isisimame sehemu moja, na mkono wako uwe pale hewa inapopiga. Mbwa asifungiwe kizimbani na draya ya moto akiachwa peke yake. Hilo halina mjadala kwangu, kwa sababu mbwa wamekufa hivyo kwa joto, hasa wenye pua fupi.

Kinyozi anasema ngozi ilikuwa mbaya kabla hajaanza. Nimwamini?

Mara nyingi anasema kweli. Mafundo yaliyogandamana huvuta ngozi kila mbwa anapotembea, huzuia hewa na kushika unyevu. Chini yake hukutwa michubuko, vidonda, wakati mwingine funza wa nzi. Kunyoa mafundo hayo karibu na ngozi ni huruma kuliko kuyachana kwa nguvu. Kinyozi mwangalifu huyaonyesha kwa mwenye mbwa kabla ya kuendelea, au hupiga picha. Asipokuonyesha kitu na ngozi ina mistari mipya ya meno ya mashine, una haki ya kuuliza.

Wiki mbili zimepita, sasa kuna madoa ya mviringo yasiyo na nywele.

Fikiria choa. Ni kuvu, na huchukua wiki moja hadi tatu kujitokeza baada ya mbwa kuambukizwa. Vimelea vya *Microsporum canis*, mmoja wa kuvu wanaohusika zaidi, huweza kukaa kwenye mazingira na vifaa kwa miezi mingi. Binadamu pia huambukizwa, watoto hasa, kwa hiyo nawa mikono, osha matandiko yake, na usiache mbwa alale na mtoto hadi apimwe. Mjulishe kinyozi ili asafishe vifaa vyake, maana kuna mbwa wengine wanaopita mezani pake.

Kama badala ya madoa kuna muwasho mkali wa usiku na mchana, magamba kwenye kingo za masikio na viwikoni, hapo huenda ni upele wa wadudu, nao huhamia kwa watu kwa muda.

Manyoya hayaoti yalipokatwa. Ngozi imeharibika?

Kwa mbwa wenye manyoya ya tabaka mbili kama Husky, Samoyed na Chow Chow, manyoya yaliyonyolewa kabisa yanaweza kukaa miezi 6 hadi 12, au zaidi, bila kurudi, ingawa ngozi ni nzima na haiwashi. Mbwa hao wasinyolewe bila sababu ya kitabibu. Tabaka la chini lichanwe litoke, la juu libaki. Wakati manyoya hayajarudi, mkinge na jua kali la mchana, kwa sababu ngozi iliyo wazi huungua, hasa ya mbwa mweupe. Upara unaoenea mahali ambapo mashine haikufika ni suala la vipimo, mara nyingi vya homoni.

Nimuulize nini kinyozi kabla ya kumwacha mbwa?

Muulize kama shampuu huzimuliwa siku hiyohiyo na mabaki kumwagwa. Jibu la swali hilo moja linaniambia mengi. Mwangalie pia anavyofanya kazi: anayejali huzima mashine kila baada ya muda na kugusisha meno yake sehemu ya ndani ya kifundo cha mkono wake mwenyewe, pale ngozi ilipo nyororo. Akihisi joto, anabadilisha meno au anangoja yapoe. Ukiona amefanya hivyo bila kuambiwa, mbwa wako yuko salama zaidi mikononi mwake.

Nawe mweleze ukweli wote: mzio, dawa anazotumia, sehemu iliyowaka safari iliyopita, shampuu iliyomkera. Mwambie anyoe tumbo na kinena kwa meno ya namba 10 au ya chini yake, yanayoacha manyoya marefu zaidi. Ikibidi, beba shampuu yako.

Ni lini anaweza kuogeshwa na kunyolewa tena?

Kwa mchubuko wa mashine, ngoja hadi gamba lote litoke lenyewe na ngozi irudi rangi na joto lake, kwa kawaida wiki moja hadi mbili. Kwa mbwa aliyekerwa na shampuu, jaribu mpya kidogo kwenye paja la ndani, suuza, kisha angalia kwa siku mbili kabla ya kumwogesha mwili mzima. Kwa aliyeugua mashina ya nywele mgongoni, daktari ndiye atakayesema siku. Hadi hapo tupa shampuu zote zilizokwisha kufunguliwa pamoja na sponji na brashi za kuogeshea zilizotumika, na siku ukianza tena zimua kiasi cha mara moja tu, umwage kinachobaki.